Kuweka Django kwenye laptopu kuukuu ya Linux, Lamu: vikwazo kwa mpangilio vilivyojitokeza

Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, yenyewe si mzigo. Faili yake ina takriban MB 8, na paketi mbili inazozitegemea, asgiref na sqlparse, hazifiki hata MB 1 zote mbili. Anayeanza huona maneno mekundu yamejaa kwenye skrini akadhani Django imemkataa, kumbe Django hata haijafikiwa. Kilichogoma ni saa ya mashine, au stima iliyokatika katikati ya kazi, au mfumo uliozeeka, au flashi isiyojua faili za Linux. Kila kimoja kina ujumbe wake, na ukishaujua hupotezi bando kujaribu kila amri uliyoiona mahali.

Yaliyomo humu yametokana na laptopu moja ya mtumba iliyoandaliwa Langoni, mjini Lamu, ishike daftari la wageni la nyumba ya kulala wageni ya Shela. Sharti lilikuwa moja: intaneti ikipotea, daftari lisipotee. Simu za wafanyakazi zifungue kupitia waifai ya mle ndani. Jambo moja niliseme mapema, maana litarudi kila hatua: ujumbe wa kosa wa Python usomwe kuanzia chini. Mstari wa mwisho ndio unaotaja ugonjwa. Ya juu ni njia uliyopitia.

Kabla ya kuvuta chochote kutoka mtandaoni, mashine iulizwe maswali haya:

`uname -m`
`python3 --version`
`df -h /`
`timedatectl`

La kwanza likijibu `x86_64`, vyema. Likijibu `i686`, ujue hiyo ni mashine ya biti 32 au imewekewa mfumo wa biti 32, na paketi nyingi za Python zitataka kutengenezwa upya humo humo kwa muda mrefu. Hii ya Langoni ilikuwa ya biti 64, ila ilikuja na Ubuntu 20.04, ambayo Python yake ni 3.8. Hapo pana mtego usiopiga kelele. Ukiagiza Django kwenye Python 3.8, pip, yaani programu inayoshusha na kuweka paketi za Python, haikwambii kitu. Inakuwekea Django 4.2, iliyotoka 2023, kwa sababu ndiyo ya mwisho kuikubali 3.8. Django 5.0 hadi 5.2 zinataka Python 3.10 kwenda juu. Mtu anafuata mafunzo ya toleo la 5, anapata makosa yasiyoeleweka, na hakuna aliyemwambia kwamba ana toleo jingine kabisa. `python -m django --version` ndiyo amri ya kumtoa gizani.

Wengi hapo hukimbilia kuweka Python mpya juu ya Ubuntu ya zamani, kisha wakaielekeza `python3` ya mfumo kwenye hiyo mpya. Msifanye hivyo. Vyombo vingi vya Ubuntu vyenyewe vimeandikwa kwa Python na vinategemea toleo lile lile lililokuja nalo. Ukiibadilisha, utaona `ModuleNotFoundError: No module named 'apt_pkg'`, na hata dirisha la terminali laweza kukataa kufunguka. Kwa laptopu hii, kwa kuwa haikuwa na faili za kuhifadhiwa, njia safi ilikuwa kuweka Ubuntu 24.04, yenye Python 3.12. Faili yake ya usakinishaji ni karibu GB 6, na kuivuta kwa bando la simu ni hasara tupu. Itafutie ofisi yenye faiba, ije kwa flashi, na kabla ya kuitumia ipimwe kwa `sha256sum` ulinganishe na namba iliyotangazwa na Ubuntu. Faili iliyokatika njiani huweza kuanza vizuri kisha ikafia katikati, ukalaumu diski.

Mfumo mpya ukaingia. Jaribio la kwanza la `sudo apt update` (apt ndiyo chombo cha Ubuntu cha kuweka programu) likarudisha `Release file ... is not valid yet`, na pip nayo ikalalamika `certificate is not yet valid`. Hayo yote mawili yana maana moja: saa ya mashine iko nyuma. Vyeti vya usalama vya mtandaoni vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa kompyuta iliyobaki miezi mingi nyuma, cheti cha leo bado hakijazaliwa.

Sababu ilikuwa betri ndogo ya ubaoni, ile ya mviringo iitwayo CR2032 kwenye mashine nyingi, inayoshika saa mashine ikizimwa. Ilipofunguliwa, ncha za waya zilikuwa na ukungu wa kijani. Hewa ya chumvi ya kisiwani haiachi chuma salama, na laptopu iliyokaa kabatini bila kuwashwa huumia kuliko inayotumika. Ncha zilisafishwa kwa spiriti na brashi laini, zikaachwa zikauke kabisa, kisha ikatiwa betri mpya.

Kawaida Ubuntu hujirekebisha saa yenyewe ikipata mtandao. Lakini waifai iliyokuwa ikitumika ni ya ukurasa wa kuingia, ile inayokutaka uandike namba ya tikiti kwanza. Brauza ikakataa kufungua kurasa kwa sababu tarehe si sahihi, na tarehe haikuweza kurekebishika kwa sababu bado hujaingia. Duara hilo hukatwa kwa mkono:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`
`sudo timedatectl set-ntp false`
`sudo timedatectl set-time "2025-06-14 14:20:00"`

Tia tarehe ya siku yenyewe, na saa kwa mtindo wa 24, yaani saa nane na dakika ishirini mchana ni 14:20. Mstari wa kati usirukwe; bila huo mashine itajibu kwamba urekebishaji wa moja kwa moja umewashwa na haitakubali saa yako. Ukishaingia kwenye waifai, `sudo timedatectl set-ntp true` inarudisha mambo kama yalivyokuwa.

Kikwazo kilichofuata ni cha stima. Apt ilikuwa ikipanga paketi, stima ikaenda, na betri ya laptopu ya mtumba haishiki hata dakika chache. Ilipowashwa tena:

`E: dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.`

Huu ni ujumbe wa huruma, maana dawa imeandikwa humo humo. Endesha amri hiyo, kisha `sudo apt --fix-broken install`, na kazi inaendelea ilipoachia. Vilivyokwisha kushushwa havipotei. Apt hushika hata faili iliyofika nusu na kuiendeleza. Pip, kwa matoleo mengi, haina tabia hiyo. Ikikatika huanza faili upya, ndiyo maana kazi kubwa ya pip ifanywe wakati stima imetulia, na ruta iwe na betri yake ya akiba kama ipo.

Kuna na lile la kufuli: `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process ... (unattended-upgr)`. Watu huambiana wafute faili ya kufuli kwa `rm`. Ni ushauri mbaya. Jina lililo kwenye mabano linakueleza nani anashikilia: ni Ubuntu inayojisasisha yenyewe. Ukiifuta, programu mbili zitaandika sehemu moja kwa wakati mmoja, na hapo utavunja hata kilichokuwa kizima. Ngoja imalize. Linaloudhi kweli ni kwamba masasisho hayo hula bando lako la hotspoti bila kukuuliza. Mwambie Linux kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo:

`nmcli connection modify "Jina la hotspoti" connection.metered yes`
`sudo snap set system refresh.metered=hold`

Baada ya hapo, masasisho ya nyuma ya pazia yanangoja mtandao mwingine. Kwa anayenunua bando la siku, amri hizi mbili zina faida kuliko nyingi nitakazozitaja.

Sasa Python. Amri ambayo mikono yote huizoea ni `pip install django`, na kwenye Ubuntu 24.04 au Debian 12 jibu lake ni `error: externally-managed-environment`. Huo si ugonjwa. Ni ukuta uliojengwa makusudi, ili paketi zako zisigongane na zile ambazo mfumo wenyewe unazitegemea. Ujumbe huo unataja pia `--break-system-packages`, na jina lake linajieleza, usiiguse. Wala `sudo pip` si njia. Unachotaka ni mazingira ya mradi peke yake:

`sudo apt install python3-venv`
`python3 -m venv mazingira`
`source mazingira/bin/activate`

Ukiruka mstari wa kwanza utaambiwa `ensurepip is not available`. Cha kuangalia hapo ni kwamba folda ya `mazingira` huwa imeshaundwa nusu, haina hata `activate`. Weka paketi iliyokosekana, ifute folda hiyo, uunde upya. Ukiiacha, utahangaika na mazingira kilema.

Folda hiyo pia isiundwe kwenye flashi. Wazo la kuibeba kazi nzima kwa flashi kutoka Langoni hadi Shela linavutia, lakini flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na utapata `Operation not permitted: 'lib' -> '.../lib64'`. Venv inataka kuunda `lib64` kama kielekezi tu cha kwenda `lib`, na mipangilio hiyo ya flashi haina kitu cha namna hiyo. Kuongeza `sudo` hakusaidii. Na hata kwenye diski ya kawaida, mazingira hayahamishiki: ndani ya programu zake mmeandikwa njia kamili ya mahali zilipozaliwa, na ukibadilisha jina la folda, pip itasema `bad interpreter: No such file or directory`. Kinachobebwa ni msimbo wako na orodha ya paketi, inayopatikana kwa `pip freeze > requirements.txt`. Mazingira huundwa upya kule kunakokwenda.

Mazingira yakiwa hai, jina lake litaonekana kwenye mabano mwanzo wa mstari. Kisha:

`pip install "Django>=5.2,<5.3"`

Toleo la 5.2 lilitoka Aprili 2025 na ni la kudumu, litatunzwa hadi Aprili 2028, kwa hiyo linafaa kazi ya mtu asiyetaka kubadilishabadilisha. Zile alama za kunukuu si urembo. Ukiziacha, terminali inaichukua `>` kama amri ya kuandika kwenye faili, na utaletewa `5.3: No such file or directory`, pamoja na faili ya ajabu iitwayo `=5.2,` ndani ya folda yako.

Mtandao ukiwa mzito, pip hungoja sekunde 15 tu kabla ya kukata tamaa. Iongezee subira: `pip install --timeout 120 --retries 10 ...`. Mtandao ukiwa haupo kabisa, paketi zishushwe kwenye mashine nyingine kwa `pip download -d paketi -r requirements.txt`, folda ya `paketi` ije kwa flashi (hizi faili za kawaida flashi inazibeba vizuri), na huku iwe `pip install --no-index --find-links paketi -r requirements.txt`. Sharti mashine mbili ziwe na toleo moja la Python na biti sawa. Django yenyewe haijali, lakini Pillow, inayohitajika kwa picha za vyumba, huja na `cp312` na `x86_64` kwenye jina la faili, na pip itaikataa isipolingana.

Kuhusu hifadhidata, ushauri wangu ni SQLite, inayoweka kila kitu kwenye faili moja. Nyumba ya vyumba vichache haihitaji zaidi, na inakuja na Python bila kuongeza kitu. Ukilazimika kutumia MySQL, mysqlclient itakuja na `Can not find valid pkg-config name`, na dawa ni `sudo apt install python3-dev default-libmysqlclient-dev build-essential pkg-config`. Kwa PostgreSQL, ukiona `pg_config executable not found`, weka `libpq-dev`.

Mradi ukaundwa kwa `django-admin startproject wageni .`, ile nukta ya mwisho ikiweka faili hapo hapo ulipo badala ya folda ndani ya folda. Usiupe mradi jina `test`, utakataliwa kwa kugongana na sehemu ya Python. Wala usiwe na faili yako iitwayo `django.py`, maana Python itaisoma hiyo badala ya Django halisi. Ndani ya `settings.py`, badilisha mara moja `TIME_ZONE = 'Africa/Nairobi'`. Ikibaki `UTC` kama inavyokuja, mgeni aliyeingia saa mbili asubuhi ataonekana kaingia 05:00, na hesabu za siku zitaanza kuzozaniwa. `LANGUAGE_CODE = 'sw'` nayo inafanya kazi; Django ina tafsiri ya Kiswahili, ingawa si kila neno limetafsiriwa.

Ukifungua terminali mpya kesho yake ukaambiwa `Couldn't import Django`, soma sentensi hiyo hadi mwisho: yenyewe inakuuliza kama umesahau kuwasha mazingira. Na ukiona `attempt to write a readonly database`, kuna mtu aliendesha `sudo python manage.py migrate`, faili ikawa mali ya root, yaani msimamizi wa mfumo. `sudo chown -R $USER:$USER .` inairudisha. Folda lazima iandikike pia, si faili peke yake, kwa sababu SQLite huweka faili ya muda kando yake wakati wa kuandika.

Ilipofika zamu ya simu, dada wa mapokezi alikuwa wa kwanza kujaribu.

"Fundi, kwangu haifunguki."

"Imeandika nini, dada?"

"Imekataa muunganisho. Kwa kaka pale imeandika DisallowedHost."

Hayo ni majibu mawili tofauti, na tofauti yake ndiyo ufunguo. Muunganisho ukikataliwa, simu haijafika kwa Django: ama umeendesha `runserver` bila anwani, nayo husikiliza ndani ya laptopu tu, ama simu imeandika anwani au poti nyingine. Django ilikuwa imeendeshwa kwa `python manage.py runserver 0.0.0.0:8000`, ila simu ya dada ilikuwa imeacha `:8000` mwishoni. DisallowedHost ni kinyume chake: simu imefika, Django imeisikia, lakini anwani haimo kwenye `ALLOWED_HOSTS`. Itafute kwa `hostname -I`, iandike, kwa mfano `ALLOWED_HOSTS = ['192.168.0.10', 'localhost']`. Simu ikizunguka bila jibu lolote, angalia ukuta wa usalama wa laptopu kwa `sudo ufw status`, kisha mipangilio ya ruta. Ruta nyingi za nyumba za wageni hutenganisha vifaa ili mgeni asiione simu ya mgeni mwenzake, na hapo Django haina la kufanya. Na ile anwani ifungwe kwenye ruta kwa laptopu hiyo, la sivyo ruta ikizimwa na kuwashwa huenda ikagawa nyingine.

`runserver` ni ya kujaribia. Kwa kazi ya kila siku tuliweka gunicorn, seva ya kuendesha Django muda wote, na whitenoise kwa ajili ya CSS (mtindo wa kurasa) na picha, kwa sababu `DEBUG = False` ikishawekwa Django huacha kuzitoa yenyewe na ukurasa wa usimamizi hubaki mtupu bila rangi. Whitenoise inaandikwa kwenye `MIDDLEWARE` mara tu baada ya `SecurityMiddleware`, `STATIC_ROOT` inatajwa, kisha `python manage.py collectstatic`. Mradi ulihamishiwa `/srv/wageni`, mazingira yakaundwa upya huko, na faili ya `/etc/systemd/system/wageni.service`, inayoiambia mashine iwashe gunicorn yenyewe kila inapowaka, ikawa hivi:

[Unit]
Description=Daftari la wageni
After=network.target

[Service]
User=wageni
WorkingDirectory=/srv/wageni
ExecStart=/srv/wageni/mazingira/bin/gunicorn wageni.wsgi:application --bind 0.0.0.0:8000
Restart=always

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl enable --now wageni`. Ikigoma, `systemctl status wageni` hutoa namba: `203/EXEC` ni njia ya gunicorn iliyokosewa, `217/USER` ni mtumiaji ambaye hayupo kwenye mashine. Zaidi ya hapo soma `journalctl -u wageni -n 50`.

Laptopu ikifanywa seva, kifuniko chake ni hatari. Mtu anakifunga ili kuikinga na vumbi, mashine inalala, na simu zote zinapoteza daftari. Kwenye `/etc/systemd/logind.conf` weka `HandleLidSwitch=ignore`, kisha:

`sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target`

Jaribu kila kitu kwa kuizima na kuiwasha mashine bila kugusa kibodi, ukifungua kwa simu peke yake. Nakala ya akiba nayo isichukuliwe kwa kunakili `db.sqlite3` huku mtu anaandika. Weka `sqlite3` kwa apt, halafu ukiwa ndani ya `/srv/wageni` endesha `sqlite3 db.sqlite3 ".backup '/media/wageni/FLASHI/daftari.sqlite3'"`, ukibadilisha njia ya flashi ilingane na yako. Flashi hiyo isikae droo moja na laptopu.